Taa Inayotii Amri

Katika nyumba nyingi za askari, iwe kambini au katika laini za polisi, kuna picha tatu ambazo hazikosekani ukutani: picha ya baba siku alipohitimu mafunzo, picha ya arusi, na picha ya mtoto wa kwanza akiwa mikononi mwa mama yake. Viti na meza hubadilika kila uhamisho unapokuja, kwa kuwa lori moja halichukui vyote, lakini picha hufungwa ndani ya shuka na kuwekwa juu ya mizigo mahali pasipogongwa. Na baba anapopelekwa mbali, kama walivyopelekwa askari wa Uganda nchini Somalia kuanzia mwaka 2007, ni picha hiyo ya ukutani ambayo mtoto mdogo huonyeshwa kila jioni ili asisahau sura ya mzazi wake.

Kwa sababu hiyo, kazi ya mpiga picha si mchezo wa vijana wasio na shughuli. Ni kazi ya dhamana. Pete haivishwi mara ya pili kwa kuwa taa ilikataa kuwaka, wala kamanda wa chuo harudii kumpa kuruta mkono kwa kuwa mpiga picha alikuwa akitikisa betri. Jambo hutokea mara moja, nalo likipita limepita. Hapo ndipo panapoonekana umuhimu wa kidude kidogo ambacho watu wengi hawakijui hata kwa jina, nacho ni kifyatulio cha flashi kisichotumia waya. Yaani kile kinachopachikwa juu ya kamera na kuiamuru taa iliyosimama mbali iwake sawia na kufunguka kwa kamera.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walikuwa na haki, maana walimsema mvivu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba rahisi haihalisi, na aliyenunua kitu mara tatu kwa sababu ya urahisi wake anajua maana ya methali hiyo. Kuchagua kifyatulio ni sehemu ya kazi yenyewe, wala si kuikwepa kazi.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini taa iondolewe juu ya kamera, ambako watengenezaji wengi wameiweka. Taa inayomulika kutoka hapo humpiga mtu usoni moja kwa moja. Uso huwa bapa kama sahani, kipaji kinang'aa, macho huweza kuwa mekundu, na nyuma ya mtu ukutani hujichora kivuli cheusi kama cha mwizi anayenyemelea. Kwa askari aliyevaa kofia yenye ukingo tatizo hugeuka: mchana wa jua kali, mwanga hutoka juu, ukingo wa kofia hufunika macho, na mama aliyesafiri usiku kucha kwa basi hupewa picha ya sare nzuri isiyo na mwenyewe ndani yake. Taa ikiwekwa kando, juu kidogo ya usawa wa kichwa, na ikapitishwa katika mwavuli mweupe, uso hupata umbo lake. Macho huonekana chini ya ukingo, tepe za begani hutokeza, na ngozi nyeusi huonyesha uzuri wake wote, maana ngozi hiyo hupendeza zaidi inapopokea mwanga wa ubavuni kuliko inapopigwa kofi la mwanga kutoka mbele.

Lakini taa ikisimama kando, nani ataiambia iwake? Hilo ni swali la zamani kama taa zenyewe. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesi na dawa za kulipuka, na mpiga picha alikuwa akiuwasha kwa hadhari huku kamera ikiwa wazi. Baadaye, mwaka 1929, zikaanza kuuzwa balbu za kioo zilizowaka mara moja tu kisha kutupwa. Mwaka 1931 Harold Edgerton, mwalimu katika chuo cha ufundi cha Massachusetts nchini Marekani, alitengeneza taa ya umeme iliyoweza kuwaka tena na tena kwa muda mfupi mno. Askari wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua kwamba taa kubwa za mtaalamu huyo zilifungwa ndani ya ndege na kutumiwa kupiga picha usiku, kabla ya majeshi kushuka pwani ya Normandy mwezi Juni 1944. Ama taa za raia, kwa miaka mingi ziliamriwa kwa waya uliotoka kwenye kamera. Waya ni mtumishi mwaminifu, hausikii kelele za redio wala hauogopi jua. Ila katika ukumbi wa arusi, ambamo shangazi wanacheza na watoto wanakimbia, waya ni mtego. Anayejikwaa huangusha taa, mwavuli, na pengine keki.

Sajenti mmoja wa polisi, aliyestaafu na kukaa mjini Jinja, aliyajua hayo kwa kuyaona. Alipopokea kiinua mgongo chake, alikubaliana na mkewe kwamba sehemu ndogo itumike kuanzisha kazi ya picha, na sehemu kubwa iwekwe kwa ajili ya karo za watoto wawili waliobaki shuleni. Mkewe ndiye aliyeshika daftari la hesabu. Kila shilingi iliyotoka iliandikwa upande wa kushoto, na kila iliyoingia upande wa kulia, na mwisho wa mwezi pande hizo mbili zilisomwa kwa sauti baada ya chakula cha jioni. Katika miezi ya kwanza mzee alitumia waya. Kisha akashawishika kununua vijicho vidogo vinavyoifanya taa iwake inapoona taa nyingine imewaka, kwa kuwa vilikuwa vya bei ndogo kuliko vyote dukani.

Ndani ya chumba cha mzee vijicho vile vilifanya kazi vizuri ajabu. Siku ya arusi ya jirani mmoja, askari wa usalama barabarani, vilimwaibisha. Bibi na bwana arusi walipotoka nje kwenye jua la saa nane, kijicho hakikuweza kutenganisha mwanga wa taa ya kamera na mwanga wa jua, nacho kikakaa kimya. Waliporudi ukumbini, kila mgeni aliyepiga picha kwa kamera yake yenye flashi aliiwasha taa ya mzee bila kukusudia. Taa iliwaka kwa kila mtu ila mwenyewe, na ilipofika zamu yake ilikuwa haijajaa umeme. Katika picha za kukata keki, nne zilikuwa giza tupu. Bwana arusi hakusema neno baya. Alilipa nusu ya fedha zilizobaki, akaondoka. Mkewe mzee aliandika nusu hiyo upande wa kulia wa daftari, kisha akaacha mstari mmoja mtupu chini yake.

Kwa hakika vijicho vile havikuwa vibovu. Vilipewa kazi isiyokuwa yao. Vifyatulio visivyotumia waya ni vya namna tatu, na kila namna ina mahali pake.

Namna ya kwanza ni hiyo ya kijicho, inayoitikia mwanga wa taa nyingine. Hufaa studio iliyofungwa mapazia, ambamo mpiga picha yuko peke yake. Hata humo ina adui mmoja: kamera nyingi za siku hizi hutoa kwanza mmweko mdogo wa kupima mwanga kabla ya mmweko wenyewe. Kijicho kisichojua hila hiyo hudanganyika na mmweko wa kwanza, taa ikawaka mapema, na picha ikatoka bila mwanga wake. Ndiyo maana taa nyingi zimewekewa mipangilio miwili, mmoja wa kuitikia mmweko wa kwanza, na mwingine wa kuuacha upite na kungoja wa pili.

Namna ya pili hutumia miali isiyoonekana kwa macho, ya aina ile inayotoka katika kidude cha kubadilishia stesheni za televisheni. Kifyatulio cha Canon kiitwacho ST-E2 kilikuwa cha namna hiyo, na kitabu chake kilisema kwamba hufika mita 12 hadi 15 ndani ya nyumba, na mita 8 hadi 10 nje. Tofauti hiyo ya ndani na nje yatosha kumfundisha mwenye busara. Miali hiyo huhitaji kuonana uso kwa uso na taa. Akipita mtu mnene katikati, au taa ikifichwa nyuma ya nguzo, amri haifiki.

Namna ya tatu ni redio, na hii ndiyo imeshika uwanja sasa. Redio hupenya pazia, hupinda kona, wala haijali jua. Askari wa mawasiliano hahitaji kuelezwa mengi hapa: juu ya kamera kuna kinachotuma, chini ya taa kuna kinachopokea, navyo ni lazima viwe katika chaneli moja. Hata hivyo, redio nazo si sawa zote, na palipo na tofauti ndipo wanunuzi wengi wanapokosea.

Kuna zinazotumia mawimbi ya karibu 433 MHz, na kuna zinazotumia 2.4 GHz. Mawimbi ya kwanza yana urefu wa karibu sentimeta 69 kila moja, na ya pili sentimeta 12 na nusu tu. Wimbi refu huzunguka miili ya watu na vizuizi kwa urahisi zaidi. Wimbi fupi hunyonywa na maji, na mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo umati wa wageni waliosimama kati ya kamera na taa ni sawa na ukuta wenye unyevu. Aidha, mawimbi ya 2.4 GHz hutumiwa pia na intaneti isiyo na waya, na simu zinazounganishwa na spika, na hata majiko ya kupashia chakula. Katika ukumbi wenye simu mia tatu, kifyatulio hulazimika kusikia sauti moja ndani ya soko zima.

Isidhaniwe kwamba 2.4 GHz haifai. Ina faida kubwa, kwani huruhusiwa karibu dunia nzima, na ndiyo inayotumiwa na kampuni nyingi, zikiwamo Canon tangu taa yake ya 600EX-RT ya mwaka 2012, Nikon, Godox na Yongnuo. Mawimbi marefu, kwa upande wake, hutofautiana kwa nchi. Vifyatulio vya PocketWizard, kwa mfano, vilitengenezwa kwa namna mbili: vya Marekani vya 340 hadi 354 MHz, na vya Ulaya vya 433 MHz. Namna hizo mbili hazisikilizani. Afrika imo katika eneo moja na Ulaya kwa mgawanyo wa Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, kwa hiyo anayeletewa zawadi ya kifyatulio na ndugu aliyeko Marekani yampasa asome kwanza nambari zilizoandikwa mgongoni mwake. Kutuma mawimbi yasiyoruhusiwa karibu na kambi au kituo cha polisi ni jambo ambalo hakuna mwananchi mwema atakayelitaka, na nchini Uganda iko Tume ya Mawasiliano inayohusika na kuidhinisha vyombo vya namna hiyo.

Baada ya mawimbi, kuna suala la kufaana. Kifyatulio kizuri kisichofaana na kamera ni sawa na risasi nzuri isiyoingia katika bunduki uliyopewa. Juu ya kamera nyingi, pale panapopachikwa flashi, kuna kidoti cha shaba katikati ambacho ndicho hutoa amri ya kuwasha. Lakini baadhi ya kamera za Canon za bei nafuu, kama EOS 250D iliyotoka mwaka 2019, hazina kidoti hicho, na vifyatulio vya kawaida vikipachikwa juu yake hubaki bubu. Nazo kamera za Sony zina mpachiko wao wenye meno ya pekee tangu mwaka 2012. Kwa hiyo mnunuzi asiende dukani na pochi pekee. Aende na kamera yake mkononi.

Vilevile taa kuukuu, ambazo wazee wengi bado wanazo kabatini, baadhi yake hupitisha volti zaidi ya 200 mahali pa kuamrishia. Nguvu hiyo yaweza kuunguza kamera ya kisasa iliyotengenezwa kwa volti chache. Kifyatulio cha redio huiokoa kamera, kwa kuwa hakuna waya unaounganisha kamera na taa. Lakini kipokezi chenyewe chaweza kuungua badala yake. Fundi mwenye kipimo cha volti hugundua hatari hiyo kwa dakika mbili.

Liko pia suala la wakati. Redio husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa ukumbi si kitu. Kinachochelewesha ni ubongo mdogo ulio ndani ya kifyatulio, unaotafsiri amri kabla ya kuitekeleza. Kamera nyingi zina mapazia mawili yanayopita mbele ya mahali picha inapoandikwa. Katika kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, kwa kadiri ya kamera, kuna kitambo kidogo ambapo pazia la kwanza limeshapita lote na la pili halijaanza. Taa haina budi kuwaka ndani ya kitambo hicho. Ikichelewa, pazia la pili huwa limeshaanza safari, na picha hutoka na utepe mweusi upande mmoja, kama bendera iliyotundikwa vibaya. Mwenye kuona utepe huo asikimbilie kukitupa kifyatulio. Ateremshe kasi hadi 1/160 au 1/125, na mara nyingi utepe utatoweka. Wapo wanaolipia zaidi ili waweze kutumia kasi za juu kuliko hizo. Jambo hilo linawezekana, ila taa hulazimika kumwekamweka mfululizo badala ya kutoa nguvu yake yote kwa pigo moja, na mwanga wake hupungua sana.

Tumrudie sajenti wetu. Baada ya arusi ile ya jirani, alikwenda Kampala akarudi na habari za vifyatulio viwili vya redio. Cha kwanza kilikuwa na vioo vya maandishi, makundi matano, na uwezo wa kujipimia mwanga. Cha pili kilikuwa kidude kidogo chenye swichi moja na chaneli 16, kisichojua lolote ila kuwasha. Bei ya cha kwanza ilikuwa mara tatu ya bei ya cha pili. Mwenye duka, aliyemfahamu tangu siku za kazi, alimruhusu kuchukua vyote viwili kwa juma moja na kurudisha kimoja. Mzee alikipenda cha kwanza.

"Baba watoto," mkewe alimwuliza jioni ile, "mlipoletewa bunduki mpya kazini, mliziamini kwa maneno ya aliyezileta?"

"La, mama. Tulikwenda nazo kwenye shabaha kwanza."

"Basi na hivi viende kwenye shabaha."

Siku iliyofuata uwanja wa nyuma ya nyumba ukageuzwa uwanja wa shabaha. Taa iliwekwa nguvu ndogo ili isichoke, na kabla ya kila pigo walisubiri ijae umeme, maana taa isiyojaa haiwezi kusingiziwa kifyatulio. Mama alikaa kwenye mkeka na daftari jingine, akichora kijiti kwa kila mwako na duara kwa kila kimya. Walipiga mara 100 kwa hatua tano, mara 100 kwa hatua 40, mara 100 huku watoto wa majirani wamejipanga katikati, na mara 100 huku taa ikiwa nyuma ya ukuta wa matofali. Kazi ilichukua siku mbili, na watoto wale walilipwa kwa ndizi.

Matokeo yaliwafunza wote wawili. Kwa hatua tano, kile chenye vioo kilikosa mara kadhaa mpaka mzee aliposoma kitabu chake na kugundua kwamba kina mpangilio wa karibu, wa sifuri hadi mita 30, na mpangilio wa mbali, wa mita moja hadi 100. Alipokibadili, kikaacha kukosa. Watoto walipojipanga katikati, vyote viwili vilikosa. Lakini taa ilipofungwa juu ya mti wa ufagio na kupita vichwa vya watoto, maduara yalikaribia kwisha kabisa. Nyuma ya ukuta, kile kidogo hakikukosa hata mara moja, hadi asubuhi ya pili kilipoanza kunyamaza kila pigo la tatu. Mzee alikuwa tayari kukihukumu. Mama akabadilisha betri, nacho kikarudi kazini kama askari aliyepata chai.

Jioni ile maduara yalihesabiwa. Tofauti kati ya vifyatulio viwili ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya betri mpya na betri iliyochoka, na ndogo zaidi kuliko tofauti kati ya taa iliyo chini na taa iliyoinuliwa. Mzee alinyamaza muda mrefu. Hatimaye alisema kwamba hesabu ni hesabu, naye atakirudisha kile alichokipenda. Kwa bei yake walinunua vidogo viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba, pamoja na betri nane za kuchaji na waya mmoja mpya. Kilichosalia kilirudi upande wa karo. Siku makuruta wa polisi walipohitimu huko Kabalye, wilayani Masindi, mzee alikuwapo kwa idhini, nje ya uwanja, akiwapiga picha vijana pamoja na wazazi wao mmoja baada ya mwingine mpaka jua likashuka. Macho ya kila mmoja yalionekana chini ya ukingo wa kofia.

Hapana maana kwamba vifyatulio vyenye maarifa mengi ni vya kudharauliwa. Anayepiga picha za watu wanaotembea, leo karibu na kesho mbali, hunufaika na kifyatulio kinachojipimia mwanga, na anayetumia taa tatu hupata nafuu kuzipunguza nguvu bila kuziendea. Lakini anayewasimamisha watu mahali pamoja, kama wafanyavyo wapiga picha wengi wa arusi na gwaride, hupima mwanga mara moja tu. Akumbuke kwamba taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo, basi na aweke alama ardhini mahali pa taa na mahali pa watu, na kazi itakwenda hadi mwisho bila kubadilisha chochote.

Yako mambo machache ambayo familia yenye nia ya kununua chombo hiki itafanya vizuri kuyazingatia. Taa na kifyatulio vikiwa vya kampuni moja, kipokezi mara nyingi huwa kimejengwa ndani ya taa yenyewe. Betri za ziada hupungua, na mahali pa kulegea hupungua. Chombo chenye nambari ya siri pamoja na chaneli, kama vile vya Godox vyenye chaneli 32, humwokoa mtu anapokutana na mpiga picha mwenzake mwenye chombo kama chake. Bila hivyo kila mmoja ataiwasha taa ya mwingine, na urafiki utaharibika kabla ya keki kukatwa. Betri za kuchaji za volti 1.2, ingawa nambari yake ni ndogo kuliko 1.5, huijaza taa upesi kuliko betri nyingi za kutupa. Zinunuliwe zile zinazoshika umeme wake kwa miezi, za aina iliyoanza kuuzwa na Sanyo mwaka 2005 kwa jina la Eneloop. Chombo kikikaa bila kazi, betri zitolewe, kwa kuwa betri iliyosahauliwa hutoka maji yanayokula shaba. Kipokezi kisifungwe kikagusa chuma cha stendi, wala kisifichwe nyuma ya taa yenyewe, maana ziko taa ambazo hutoa kelele ya redio na kumziba masikio msikilizaji wake.

Na waya usiachwe nyumbani. Penye misafara ya viongozi huenda mawimbi yakazuiwa kwa sababu za usalama, na huo si wakati wa kuuliza maswali. Aliye na waya mfukoni ataendelea na kazi yake kimyakimya. Kadhalika, kambini na vituoni picha hupigwa kwa idhini ya mkubwa wa mahali hapo. Taa inayomweka usiku bila taarifa haimfurahishi mlinzi aliye lindoni.

Zaidi ya yote, chombo kipelekwe kwenye shabaha kabla ya siku ya kazi, kisha kipelekwe tena kila baada ya miezi michache, na hesabu iandikwe. Kumbukumbu ya binadamu huwapendelea wanaopendwa, na kitu kilichonunuliwa kwa fedha nyingi hupendwa sana. Daftari halipendelei mtu. Kifyatulio cha kutegemewa ni kile ambacho mwenye nacho anajua, kwa hesabu yake mwenyewe, ni lini kitaitika na ni lini hakitaitika, na akajipanga kwa yote mawili. Mwenye ujuzi huo husimama mbele ya bibi arusi, au mbele ya mama na mwanawe aliyevaa sare kwa mara ya kwanza, na mawazo yake yote yakawa juu ya nyuso zao. Kidude kilicho juu ya kamera huwa amekisahau kabisa.